Mfupa wa Paja wa Tsubu

Kinue Hibino alijifunza kuchemsha mifupa katika mgahawa wa tambi, kabla hajajua kwamba kuna watu wanaolipwa kuchemsha mifupa isiyoliwa. Mgahawa ulipofungwa, kituo cha kima kule kilimani, ng'ambo ya mto Kiso, kilikuwa kikitafuta mtu wa kusafisha mifupa ya wanyama waliokufa ili wataalamu waichunguze. Akaenda. Waliomhoji walimuuliza kama anaogopa harufu. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba anachoogopa ni moto mkali. Wakampa kazi.

Na kweli moto ndio kila kitu. Sufuria ikitokota sana, meno ya mnyama hupasuka. Maji yatakiwa yatikisike tu, kama supu ya kuamkia. Kima wachanga wana jambo lao zaidi: ncha za mifupa yao hazijashikana na mfupa wenyewe, kwa kuwa hapo katikati ndipo mfupa unapojiongezea urefu. Nyama ikiisha, zile ncha hubanduka kama vifuniko na kuzama, nyingine ndogo mfano wa dengu. Kinue alizitafuta kwa vidole ndani ya chujio mpaka ya mwisho. Za kima mzima hazibanduki, zimekwisha kuungana, na kukua kumekwisha. Kabatini mwake hamkuwa na kima aliyepungukiwa hata na mfupa wa kidole. Hilo ndilo alilojivunia maishani, tena moyoni tu, bila kumwambia mtu.

Aliishi na dada yake mkubwa, Fumie, katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Hakuna aliyekuwa ameolewa. Fumie alikuwa mfupi, kichwa chake kikifika begani kwa Kinue, na wageni walizoea kumdhania kuwa ndiye mdogo.

"Umeoga?" Fumie humuuliza kila jioni mlangoni.

"Nimeoga huko huko."

"Oga tena. Paka wa jirani wameanza kukufuata."

Mwaka wa tatu wa kazi yake, baridi ikiwa imekaza, mkulima mmoja alileta mtoto wa kima ndani ya kikapu cha vitunguu. Mama yake alikuwa amepigwa risasi katika shamba la matunda, na mtoto alikuwa amekaa siku nyingi porini peke yake. Alikuwa ngozi na macho tu. Daktari wa wanyama alisema hatapona, lakini hakukataza mtu kujaribu. Kinue akamtia ndani ya koti lake la kazi, akamnywesha maziwa kwa chupa, kisha viazi vitamu vilivyopondwa, tone kwa tone, kijiko kwa kijiko. Akamwita Tsubu, yaani punje. Majira ya kuchipua yalipofika, punje ile ilikuwa ikimng'oa nywele na kumwibia miwani.

Tsubu alirudishwa kwa kima wenzake, akazaa, akazeeka. Alikufa usingizini mwishoni mwa masika. Kinue alimsafisha mwenyewe, kwa moto mdogo kuliko wote aliowahi kuwasha, akampanga katika sanduku lake, mzima kuanzia fuvu hadi ncha ya mkia.

Ndipo Daktari Wakita alipokuja na ombi lake.

Wakita alikuwa mtafiti wa kituo, kijana mpole mwenye nywele zisizojua kitana. Alichunguza jinsi mfupa unavyoweka alama ya mwendo wa kukua: kima gani alikua upesi, gani polepole, na lini. Ili aone, ilibidi akate mfupa wa paja katikati, achukue kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini.

"Mama Hibino, namhitaji Tsubu," alisema, akitazama viatu vyake. "Ndiye peke yake ambaye tunajua kwa hakika kwamba alishinda na njaa utotoni, na tunajua alilishwa lini."

"Unataka kumkata."

"Paja moja tu."

"Paja moja si 'tu'," alisema Kinue, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Na utaona nini?"

Wakita angeweza kumdanganya, lakini hakufanya hivyo. "Huenda nisione kitu. Mfupa ukinenepa kwa nje, hujila kwa ndani. Mfupa wa utoto wa Tsubu huenda umekwisha kuliwa zamani. Kama hutaki, sitakata. Nimewaambia wakubwa kwamba neno la mwisho ni lako."

Kinue akaondoka. Kwa wiki kadhaa alipita mbali na chumba cha Wakita. Nyumbani, Fumie aliona.

"Una nini wewe? Unakula kama sungura aliyeachwa."

Akamweleza. Fumie alikuwa akimenya figili, na hakuacha.

"Hao wengine uliowachemsha, hawakuwa na mama?"

"Walikuwa nao."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi chuja chai, imekuwa chungu."

Kila vuli, watu wote wa kituo hukusanyika mbele ya jiwe lililosimamishwa nyuma ya vizimba, kuwashukuru kima waliokufa mwaka huo. Huweka machenza, karanga na viazi vitamu, kisha kila mmoja hukutanisha viganja na kuinama. Mwaka ule Kinue aliweka kiazi kimoja alichokichoma mwenyewe. Aliinama kama ilivyo desturi, akawashukuru kwa walichotoa. Akiwa bado ameinama ilimjia kwamba kwa miaka yote hiyo amewashukuru kima wa watu wengine kwa kutoa mifupa yao, na wa kwake amemfungia kabatini. Alipoinuka, Wakita alikuwa kando yake, ameshika chenza kama asiyejua pa kuliweka.

"Weka hapo," Kinue alimwambia. "Na kesho tukate. Lakini nitaushika mimi."

Kwanza alitengeneza mfano. Aliuzungushia mfupa udongo laini, akautoa, akamimina plasta katika alama yake, na ilipokauka akaipaka chai nzito mpaka ikafanana rangi na mifupa mingine. Tsubu hatalala sandukuni na pengo. Kisha akaushika mfupa wenyewe kwa mikono miwili, Wakita akakata kwa msumeno mwembamba. Vumbi lilinuka kama kwa mtengeneza meno. Kipande kilichotoka kilisagwa juu ya kioo siku baada ya siku, mpaka ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake.

Alipoitwa, Kinue alifuta mikono kwa aproni na kuinamia hadubini.

"Naona matope."

"Zungusha hapo kando."

"Sasa naona mto uliokauka."

"Hapo ndipo penyewe," alisema Wakita, na Kinue akasikia kwamba anatabasamu. "Sehemu kubwa ya utoto wake imekwisha kuliwa, kama nilivyohofu. Lakini upande huu mmoja umesalia. Unaona mstari mweusi?"

"Kama uzi."

"Hapo alisimama kukua. Ndiyo ile baridi. Sasa toka nje ya uzi, polepole."

Kinue akasogeza. Nje ya uzi palikuwa na ukanda mpana, mweupe, umejaa matundu madogo yaliyosongamana kama mashimo ya sifongo. Mbele zaidi matundu yalipungua, na mfupa ukatulia tabaka juu ya tabaka.

"Matundu ni njia za damu," alisema Wakita. "Mfupa unaojengwa taratibu hupangwa tabaka kwa tabaka, na matundu yake ni machache. Unaojengwa mbio hufunika mishipa mingi ya damu njiani. Hapa alikua mbio kuliko kima yeyote niliyemtazama. Alikuwa akifidia."

Kinue hakuinua kichwa.

"Yale yalikuwa maziwa," alisema.

"Maziwa na viazi. Kima mmoja hathibitishi kitu, nitahitaji wengine. Lakini huu ukanda ni wako, Mama Hibino."

Alikaa pale mpaka shingo ikamuuma. Alimwaza Tsubu ndani ya koti. Kisha, bila kutaka, akaiwaza baridi nyingine, mwaka vita vilipokwisha, yeye akiwa na miaka sita na Fumie kumi na miwili. Kila jioni Fumie alirudi kutoka karakana ya kufuma na kusogeza kiazi chake upande wa Kinue. Nimeshakula kazini, alisema. Na Kinue alikula, akakua, akampita.

Jioni ile alipika tambi nene katika mchuzi wa miso, ule wa soya iliyochachushwa, za kuku na yai. Akamjazia Fumie bakuli mpaka mchuzi ukamwagika.

"Unataka kuniomba nini?" Fumie aliuliza.

"Sina ombi. Kula, dada."

"Zote hizi? Mimi nimeshamaliza kukua."

"Najua," alisema Kinue. Kisha akasema asichozoea kusema. "Ahsante kwa vile viazi."

Fumie alipuliza mchuzi, akaonja, akaongeza kitunguu.

"Viazi gani?" alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa nimeshiba."

Akaanza kula, na hakubakiza kitu.