Kitobo Juu ya Sikio

Juzi nilikuwa namwogesha kitukuu changu, kidole kikagusa juu ya sikio lake, kwenye kitobo kisichozidi tundu la sindano. Mwenzangu, nilikaa chini. Maji yalipoa karaini, mimi niko Kisauni ya zamani, vita vikuu havijaisha na baba amechukuliwa jeshini.

Mama alijifungua mdogo wangu baba akiwa hayupo. Baba alikuwa mweusi ti, mtoto akatoka mweupe, na miezi ikapita rangi isigeuke. Kisimani wanawake wakanong'ona. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, naye babu alikwisha kufariki. Nyanya, tuliyemwita hawe, alikataa katakata. Jina la marehemu mumewe halingepewa damu ya mtu baki. Basi mtoto akaitwa "huyu" tu, na mama akawa hali, halali, anapepeta mchele huku machozi yanamtoka. Niliumia sana.

Siku moja mwalimu alitufundisha kwamba kinachoangusha nazi ndicho kinachoushika mwezi usipotee, na mwezi nao huvuta bahari ikajaa na kupwa. Jamani, amri moja tu! Nilirudi mbio. Hawe alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mama anamwogesha mtoto uani. Nikamuuliza hawe mwezi umeirithi kwa nani amri hiyo. Akaniambia niache maneno mengi, nikamsaidie mama.

Nikamshika mtoto kichwa. "Hawe, mbona huyu ana kitobo hapa?"

Kifuu kilimponyoka. Alikuja mikono ingali na nazi, akapapasa, akapapasa tena. Babu alikuwa na kitobo kama hicho, papo hapo. Baba hakuwa nacho. Kumbe siku zote hawe alikuwa akiitafuta sura ya mwanawe, na damu imemruka mwana ikatua kwa mjukuu. Akampigia mama magoti.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani mume wangu nimemzika."

Kisha akamwita mtoto kwa jina la babu, kwa sauti ya kufika kisimani.

Jioni, tukila wali, alilikumbuka swali langu. Mwezi haukurithi kwa mtu, alisema, ndiyo maana haukosei njia. Sisi twarithi, ndiyo maana twageuka.

Nazi zaanguka vile vile hadi leo. Kisima kimefukiwa, hawe na mama hawapo, na yule ndugu yangu tulimzika mwaka jana, hakuacha mtoto. Mimi sina kitobo. Kumbe nimekibeba miaka yote hii bila kujua, nikakipitisha.

Nilimfunika mtoto taulo, nikamwita mama yake aje aguse.