Nyonga ya Bibi na Ngazi za Michenzani

Wiki iliyopita nilirudi Michenzani, nikapanda ngazi za jengo nililokulia. Ghorofa ya nne nikasimama kuvuta pumzi. Nyuma ya mlango mmoja palikuwa panakaangwa vitunguu, na hapo, msomaji wangu, bibi akanijia.

Nilikuwa na miaka kumi alipoanza kuchechemea. Alilalamikia goti la kulia, basi goti likakandwa. Kila jioni jirani alikuja na mafuta ya karafuu, akasugua mpaka mito yetu ikanuka karafuu. Miezi ikapita, ngazi zikamshinda. Mjomba, mwanawe, akakata shauri: sikukuu ikifika atamhamishia kwake Matemwe, nyumba ya chini.

"Nikaangalie nini huko, kuku?" bibi akasema. "Mie siendi."

"Basi siku hiyo teremka na upande mwenyewe, mama. Ukiweza, nitanyamaza."

Bibi akaenda hospitali. Ngazi aliziteremka kwa kukaa, moja baada ya moja, buibui likizoa vumbi. Binti wa mazoezi ya viungo alimlaza, akaukunja mguu na kuuzungusha taratibu. Bibi akapiga ukelele, mkono ukaenda kwenye kinena, si gotini.

"Goti lako halina kosa, bibi. Nyonga ndiyo iliyolika. Maumivu yake yanashuka mpaka gotini."

"Loo! Kumbe siku zote tunamkanda jirani, mgonjwa yuko nyumba ya pili!"

Alirudi na masharti. Asikalie tena mbuzi ya kukunia nazi, kwa hiyo nazi nikakuna mimi, na vidole vikachubuka. Fimbo aishike mkono wa kushoto, si upande unaouma kama alivyozoea. Kila siku alale ubavu, anyanyue mguu. Ramadhani nzima alinyanyua, na saumu yake, midomo imemkauka. Ngazini alifundishwa neno moja la kupanga miguu, akalifanya uradi: "Kupanda anatangulia mzima, kushuka anatangulia mgonjwa."

Siku ya sikukuu mjomba alisimama chini na gari. Bibi akatoka na fimbo.

"Bi mkubwa, unakagua ngazi?" jirani akamtania.

"Nnazihesabu, nisije nikaibiwa!"

Akafika chini. Mjomba akamwamkia.

"Marahaba. Gari lako zuri. Sasa nipishe, nnapanda."

Alipanda, mjomba nyuma yake kanyoosha mikono kama anayeswaga kuku bandani. Kila ghorofa bibi alipumzika. Mkono wa mtu hakuushika. Mlangoni jasho lilimtiririka, lakini alicheka. Maumivu hayakwisha, mwenyewe aliniambia. Ila sasa aliyajua yalipo.

Leo majirani wale wametawanyika, na milango haiachwi wazi tena kusubiri nani anapita. Bibi aliishi pale miaka saba zaidi. Siku wanaume walipomteremsha kwenye jeneza, wakipokezana mabega kila ghorofa, ndipo alipokubali kubebwa.