Mkeka Unaoliwa

Mwanangu, nnaikumbuka vizuri alasiri ile kaka yangu Nasser alipozima televisheni nyumbani kwetu Al Amerat, pembeni mwa Maskati. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi sijaolewa bado, nafanya kazi ofisini Qurum na kurudi nimechoka hoi. Watoto wake watatu walikuwa wameganda mbele ya katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kiarabu. Mama yangu, bibi yao, alikuwa amewauliza habari za skuli mara chungu nzima, na hakujibiwa. Mama alikuja Maskati mtu mzima, kutoka Unguja, na Kiarabu chake kiliishia kwenye salamu na sala. Watoto nao Kiswahili wanakisikia, ila kukisema hawataki. Bibi na wajukuu waliishi nyumba moja kama wageni hotelini, na jambo hilo likinichoma roho.

"Kuanzia leo Kiswahili tu, na televisheni basi!" Nasser akafoka.

"Iwashe, Nasser," Mama akamkatiza. "Ukiwagombeza kwa ajili yangu, watanchukia miye." Kisha akanigeukia. "Hebu niambie, lile jumba jeupe wanaloliangalia vile ni kitu gani?"

Ilikuwa ngome ya Kijapani, ghorofa juu ya ghorofa. Zaidi ya hapo sikujua kitu, ila swali la Mama halikunitoka. Nikaazima vitabu viwili, kimoja cha historia na kimoja riwaya, nikavisoma saa za mapumziko kazini hadi wenzangu wakanicheka.

Alhamisi, baada ya kahawa, nikakaa ubavuni mwa Mama nikasema kwa sauti, "Paukwa!"

"Pakawa!" akaitikia peke yake.

Nikamsimulia ngome iliyozingirwa na maadui, milango imefungwa, chakula kinakwisha. Pale historia iliponiishia nikatia chumvi, sikufichi. Watoto waliposikia neno samurai wakapunguza sauti ya televisheni wenyewe. Nikafika kwa yule bwana wa ngome aliyewahi kuonja njaa vitani. Inasimuliwa kwamba aliamrisha mikeka minene ya kulalia ijazwe ndani vikonyo vya majimbi vilivyokaushwa, ili siku ya dhiki watu wake waichemshe wale.

Mama, aliyekulia baina ya majimbi na ukili wa kushonea mikeka, akashika kichwa. "Makubwa! Na wakishakula mkeka, watalalia nini?"

Thuraya, mkubwa wa wale watoto na mbishi kuliko wote, akashindwa kuvumilia. "Bibi, hawalali! Kuna vita!"

Kwa Kiswahili, mwanangu! Lafudhi imepinda, lakini Kiswahili. Mama akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia dirishani. Nasser akawa anafuta macho, eti vumbi.

Tangu hapo kila Alhamisi ngome ikazingirwa upya. Mama akawafundisha kusuka ukili, wao wakamsahihisha majina ya Kijapani, na wakibishana naye mpaka magharibi. Sikukuu moja nyumba imejaa jamaa, Thuraya akasimama katikati ya sebule, akaita "Paukwa!" Watoto wakaitikia kwa kishindo. Akaisimulia ngome yote mwanzo hadi mwisho, adui akarudi mikono mitupu. Alipofika kwenye mkeka akamgeukia Mama.

"Bibi, sasa uliza."

Mama akauliza lile lile swali lake, na sebule nzima ikamjibu kwa pamoja. Sijapata kumwona na furaha kama ile.

Basi wewe unayenilalamikia kwamba wanao wameinamia simu kutwa, usiwapokonye. Kaa nao. Waulize wanapenda nini, na usione haya kuuliza kama mjinga. Kisome hicho wanachokipenda, ukijue, kisha uwarudishie kwa lugha yako. Mama hakuwashinda kwa ukali. Aliwashinda kwa kutaka kujua.

Mungu akupe subira, mwanangu, akukuzie wanao katika kheri, na siku utakayoita "Paukwa!" asikuache uitikie peke yako. Amin.