Jua ni Lile Lile

Hapana, usiniambie ndugu yangu mkubwa hakuona. Aliona. Miaka hiyo ya tisini mvua ya Machi ilikuwa inazidi kuchelewa, na miche ya chai aliyopanda kwa mteremko ilikuwa inakauka. Asubuhi moja nilimpata amechuchumaa hapo, anachimba udongo na kidole, unatoka vumbi tu.

Bibi yake akamwambia, "Baba watoto, hii hewa imebadilika. Tuchote maji mtoni tumwagie miche, wewe mtungi mmoja, mimi mmoja."

Alikataa. Wiki hiyo hiyo, kwa kituo cha kuuza majani pale Roret, wanaume walikuwa wamemcheka jirani yetu aliyeonekana amebeba maji. "Bosi, siku hizi ni wewe umeolewa?" Ndugu yangu alicheka pia.

Sasa akamjibu bibi yake kwa sauti, majirani wasikie: "Imebadilika wapi? Jua ni lile lile la babu. Ni nyinyi wanawake mnaogopa."

Nilimfokea sana. Miche yote ilikufa. Lakini ukimwita mjinga tutapigana, kwa sababu hata mimi, na makelele yangu yote, sikugusa mtungi. Wewe ungeubeba, hao wanaume wakikuangalia?