Kaburi Lililobaki Chini ya Mchepuko

Vumbi la greda lina harufu yake, na msimu ule Hedaru nzima tulilila pamoja na makande. Barabara ya mchepuko ilikuwa ikichongwa nyuma ya mji ili malori yasipite tena katikati ya soko. Watu walishangilia, na mimi, mtoto wa miaka minane, nikashangilia kuwazidi. Kisha wakaja watu wa barabara, wakasema shamba letu liko njiani, makaburi yaonyeshwe yahamishwe. Sisi tulikuwa na moja tu, la kaka yangu Elisante, aliyefariki akiwa na miezi minne, kabla mimi sijazaliwa. Hakuwekewa msalaba. Mama alimwekea mawe matatu meupe kwenye mahindi, na tangu hapo hakupita tena upande ule. Alisema macho yake hayawezi.

Mawe yale nilikuwa nimeyahamisha. Sisi watoto tulikuwa tunacheza mchezo wa baba na mama, nikahitaji mafiga, nikayabeba hadi mwisho wa shamba, nikapikia matope na kuyaacha hukohuko. Hakuna aliyekuwa ameniambia ni ya nani.

Siku ya kuhamisha, Mama alikwenda moja kwa moja kwenye mawe, kule nilikoyaacha. “Ni hapa,” alisema. Wakachimba mpaka kiunoni, wasipate kitu. Mchimbaji mmoja akavua kofia. “Mama, mtoto mchanga ardhi humla mapema. Chukua udongo wake.” Mama akaufunga kwenye kitambaa cheupe, akaukumbatia. Nilikuwa nyuma yake. Greda lilikuwa bado limezimwa. Neno moja tu lingetosha. Niliogopa fimbo. Fimbo tu, jamani!

Leo soko limepumua, na mabasi ya kutoka Same huteleza kwenye lami ya mchepuko. Abiria wenzangu huisifu. Mimi nikifika lilipokuwa shamba letu huinua miguu kutoka sakafuni kama mwendawazimu, maana sijui hasa amelala wapi. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hakijaniumbua, kinaniangalia tu. Mara mbili nimejaribu kumwambia Mama, na mara zote mbili alikuwa anatabasamu.

Amezeeka sasa. Jumapili akitoka kanisani hufagia kaburi tulimouzika ule udongo, kisha hunigeukia. “Msalimie kaka yako. Yule ni mkubwa wako.”

“Shikamoo, kaka,” nasema.

Na Mama, kwa sauti ya chini, huitikia kwa niaba yake: “Marahaba.”