Bomba la Nyuma ya Mashine

Usiku ule nilijinyoosha kwenye kochi nikisubiri masweta ya shule ya binti yangu Salma yakauke, na usingizi ukanichukua kabla mashine haijamaliza kazi yake.

Kwetu Lushoto, ukungu ukishuka, nguo hukaa kambani siku tatu na ukizigusa bado ni mbichi. Ndiyo maana mume wangu Hamisi, aliyekuwa fundi umeme, alinunua ile mashine ya kukaushia nguo kwa watu waliokuwa wanahama. Akaifunga mwenyewe stoo, akatoboa ukuta, akapitisha bomba la kutoa hewa ya moto nje. Kila baada ya miezi michache alilisafisha. Mimi nilikuwa nikimsikia tu huko nyuma akipiga mluzi.

Tangu tumzike ilikuwa imetimia miezi tisa, na hakuna aliyeligusa bomba lile. Nguo zilianza kuchukua mizunguko miwili kukauka. Salma aliniambia, "Mama, ile mashine ukiishika inaunguza." Nikamjibu, "Kesho." Ukweli ni kwamba sikuweza kupita kule nyuma. Pale palikuwa pake.

Basi nikamwona. Amesimama mlangoni mwa stoo, na ni mchana mweupe, mikono ya shati ameikunja, uso umemjaa kama zamani, kabla ya hospitali. Sikushtuka hata kidogo. Nilitaka kumwambia, "Leo umechelewa," lakini nilipofika mlangoni alikuwa ameshainama nyuma ya mashine.

"Plagi kwanza," anasema.

Nachomoa plagi. Kisha tunakaa sakafuni, bega kwa bega, tukisubiri mashine ipoe. Bega lake lina uzito uleule. Naomba moyoni isipoe upesi. Nina maswali ya miezi tisa: kama aliumia, kama huko aliko kuna baridi, kama alinisikia nilipomwita pale kitandani. Linalotoka ni moja tu.

"Umekula?"

Anatabasamu. Anaivuta mashine mbele polepole, analegeza skrubu zilizoshika bomba, ananipa brashi yenye mpini mrefu. Naingiza, nazungusha, navuta. Yanatoka manyoya ya nguo, makavu, mepesi, donge baada ya donge. Mara tuko nje, upande wa pili wa ukuta, miguu kwenye majani yenye umande. Kifuniko cha tundu la hewa kimegandwa na manyoya, hakifunguki. Anakisafisha kwa kidole, ananionyesha kinavyopaswa kucheza. Mara tuko ndani tena na mimi bado navuta. Kwanza mekundu ya masweta ya Salma, kisha ya kijani ya kanga yangu, na mwisho kabisa, kule ndani, bluu. Bluu ya ovaroli yake ya kazini.

Nikalikumbatia lile donge kifuani.

"Tupa," anasema.

"Siwezi. Hizi ni nguo zako."

Ananitazama kwa mara ya kwanza. "Mama Salma, kitu hicho kinashika moto kuliko nyasi kavu. Usinihifadhi humo, ukaja kuniunguzia mtoto."

Namwomba akae mpaka nimalize. Anaweka kiganja kwenye tundu la ukuta, kama anayesikiliza upepo, kisha anageuka kuelekea chumba cha Salma. Joto linapanda. Nataka kumshika shati, mkono hauinuki.

"Amka," akasema.

Niliamka. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilikuwa imejaa sebuleni na mashine bado inanguruma. Nilikimbia stoo nikachomoa plagi. Mlango wa mashine sikuufungua, niliogopa nikiupa moto hewa utawaka. Nikamwamsha Salma, nikamfunga blanketi, tukatoka tukakaa kwa jirani mpaka joto lilipoisha. Moto haukuwaka. Sweta moja tu lilikuwa limebabuka mkono.

Asubuhi tuliivuta mashine mbele, mimi na Salma, nikafanya kama nilivyoona, hatua kwa hatua. Bomba lilikuwa limeziba karibu lote, na karibu na mashine manyoya yalikuwa yameshageuka rangi ya kahawia. Bluu sikuiona. Yote yalikuwa ya kijivu, nguo zake na zetu zimechanganyika, huwezi kusema haya ya nani. Niliyajaza kwenye mfuko, nikaupeleka jalalani mwenyewe.

Niliporudi, Salma alikuwa akifuta chujio la mashine kwa uangalifu. Akaniuliza, "Mama, haya yote umejifunza wapi?"

"Baba yako alikuja usiku."

Mkono wake ukasimama. Miezi yote ile hakuwahi kulia mbele yangu, na hata sasa hakulia. Aliliweka chujio chini, akaniangalia.

"Aliniulizia?"

Nikaketi sakafuni kando yake, nikamvuta.

"Mwanangu," nikamwambia, "hakuja kwa ajili ya kitu kingine."