Nambari Isipite Kumi na Tatu

Mwanangu, fundi wa magari Kawangware, alifunga supachaja kwenye pikapu yake, mashine ya kuisukumia injini hewa zaidi. Ikabaki kompyuta ya injini ielezwe iongeze petroli, la sivyo injini ingeungua, na hakuwa na nyingine.

Nilikuwa nimetoka Lindi kumwona tu. Akanipandisha kwenye pikapu, akaniwekea laptop mapajani. “Mathe, hii nambari ni hewa kwa petroli. Ikipita kumi na tatu, petroli ni kidogo; sema.”

Shule niliachia darasa la pili, lakini nambari nazijua. Tukapanda mlima. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

“Toa mguu,” nikamwambia.

Akatoa, akaongeza petroli kwenye kompyuta, tukarudia. Ikakaa kumi na mbili.

“Inajuaje petroli ni kidogo?” nikauliza.

Akanionyesha kidude ndani ya ekzosi, bomba la moshi. Kumbe kilisoma moshi kujua kama mafuta yanatosha, kama mimi na stovu yangu.